Kurekodi staki ya miito kwa LBR: acha prosesa ikuandikie

Habari zenu, karibuni. Leo tunatafuta programu yetu inapoteza muda wapi, na zaidi ya hapo, nani anaiita hiyo funksheni inayokula muda. Hilo la pili ndilo lenye kazi. Ukiona strcmp, funksheni ya maktaba ya C inayolinganisha maneno, ndiyo inayochosha prosesa, bado hujajua uanze kurekebisha wapi, maana strcmp si yako. Unayemtafuta ni aliyeiita. Tutampata kwenye staki ya miito, yaani orodha ya funksheni zilizoitana, tukiirekodi kwa LBR (Last Branch Record), uwezo ulio ndani ya prosesa za Intel.

Anza kwa kukagua mashine. Fungua terminali uandike:

sudo dmesg | grep LBR

Kwenye skrini yangu umetoka mstari wenye maneno “Haswell events, 16-deep LBR”. Hii ni Core i5 ya kizazi cha nne, laptopu za mtumba kama zile zilizojaa madukani Moi Avenue na Luthuli, Nairobi. Kwa hiyo usikae ukingoja mashine ya bei kali. Intel walileta LBR yenye hali ya staki, tunayoihitaji hapa, na prosesa za Haswell mwaka 2013, na Skylake ya 2015 ikapandisha nafasi kutoka 16 hadi 32. Upande wa Linux, keneli 4.1 kwenda juu inatosha.

LBR ni rejista zilizo ndani ya prosesa zinazoandika miruko ya mwisho: imetoka anwani gani, imetua wapi. Katika hali ya staki, kila call (amri ya kuita funksheni) huongeza ingizo na kila ret (amri ya kurudi) huliondoa. Wakati sampuli inachukuliwa, yaliyobaki mle ni ile miito ambayo haijarudi. Programu yako haiguswi hata baiti moja.

Sasa weka perf, zana ya Linux inayopima programu kwa kuchukua sampuli. Kwenye Ubuntu:

sudo apt install linux-tools-common linux-tools-$(uname -r)
sudo sysctl kernel.perf_event_paranoid=1

Mstari wa pili unakuruhusu kupima programu zako bila kuwa root. Ukizima na kuwasha mashine, mpangilio huo unarudi ulivyokuwa.

Kisha tukompaili. Programu yangu inalinganisha risiti za malipo na orodha ya wateja:

gcc -O2 -g hesabu.c -o hesabu

Hapa tusiharakishe. Ukitumia -O2, gcc huondoa fremu pointa (anwani inayoonyesha fremu ya kila mwito kwenye staki), na rejista iliyokuwa ikishika mnyororo wa miito inapewa kazi nyingine. Ukirekodi kwa --call-graph fp, njia inayofuata fremu pointa, perf itafuata anwani ambazo hazina maana, na mnyororo utakatika baada ya hatua moja au mbili. Njia ya pili ni --call-graph dwarf, inayotumia maelezo yanayowekwa na -g. Hiyo inafanya kazi, lakini kila sampuli inanakili baiti 8192 za staki. Kwa sampuli 99 kwa sekunde, hizo ni takriban kilobaiti 800 kila sekunde kwa kila kiini kinachofanya kazi, na kuzichambua baadaye kunachukua muda. Ingizo moja la LBR ni baiti 24. Hata nafasi zote 16 zikijaa, ni baiti 384. Kwangu mimi, hiyo tofauti inatosha kuamua.

Rekodi:

perf record -F 99 -e cycles:u --call-graph lbr ./hesabu risiti.csv

Hiyo :u inabakisha sampuli za programu yenyewe tu, maana LBR inatupa staki ya upande huo, si ya keneli. Ikimaliza, fungua ripoti:

perf report --no-children

Weka kishale kwenye strcmp, kisha bonyeza + kuipanua. Tazama: strcmp imeitwa na tafuta_mteja, nayo imeitwa na linganisha_risiti, mpaka main. Basi tatizo ni kwamba kwa kila risiti tunapitia orodha nzima ya wateja kwa kulinganisha majina. Hapo panahitaji jedwali la hashi. strcmp tuiache kama ilivyo.

Sasa mahali ambapo ripoti inaweza kukupotosha. Programu yenye miito mirefu, tuseme kichanganuzi cha JSON kinachojiita chenyewe, itajaza nafasi 16, na ingizo la zamani kabisa litatupwa. Utaona majina ya karibu vizuri, lakini main haitaonekana. Jaribu:

perf report --no-children --stitch-lbr

Hii inajaribu kuunga vipande vya sampuli zinazofuatana. Mara nyingi inasaidia, ila ichukue kama makisio. Na kama msimbo wako unatumia longjmp, inayoruka nje ya funksheni bila kurudi kwa kawaida, call na ret hazilingani tena, kwa hiyo mnyororo usiuamini; hapo rudi kwenye dwarf.

Kwa wenye AMD: prosesa za Zen 4 zina LBR yake, lakini hazina hali ya staki, na amri ya lbr itakataa. Seva za kukodi nazo, kwa vile ni mashine pepe, mara nyingi hazionyeshi LBR kabisa. Katika hali hizo mbili, kompaili upya hivi:

gcc -O2 -g -fno-omit-frame-pointer hesabu.c -o hesabu

kisha urekodi kwa --call-graph fp. Kumbuka tu kwamba maktaba ulizounganisha nazo zinahitaji kuwa na fremu pointa, la sivyo mnyororo utakatikia humo.