Dally, hoosegow, arbuckle: misimu ya wachunga ng'ombe wa Marekani

Haya, ndugu zangu wa nyumbani, karibuni. Leo nina kamba mkononi, na hapa mezani nimesimamisha kipande cha mpini wa jembe. Subirini kidogo, mtaona kazi yake.

Mada ni misimu, yaani maneno ya kijiweni, ya magharibi ya Marekani katika karne ya 19, ile ambayo hata Wamarekani wenyewe wengi hawaielewi tena. Orodha nyingi za misimu hii zinakosea mwanzoni kabisa: zinaichukulia yote kuwa Kiingereza. Kuchunga ng'ombe juu ya farasi, kule Texas na California, kulikuwa kazi ya Wameksiko kabla wasema Kiingereza hawajafika kwa wingi. Wageni wakairithi kazi pamoja na maneno yake, ila wakayasikia kwa sikio lao. Nasi si tuliona kibao cha Keep Left tukapata kipilefti, vikiwa viwili vipilefti? Basi ndivyo hivyo. Mchunga ng'ombe kwa Kihispania ni vaquero, na ile v yao inasikika kama b. Sikio la Kiingereza likatoa "buckaroo".

"Hoosegow" je? Ni juzgado, mahakama. Katika mazungumzo ile d ya mwisho inamezwa, unasikia kitu kama "huzgao". Kiingereza kikaipokea kwa maana ya jela, kwa hiyo maana imehama kutoka kwa hakimu hadi selo. Mlevi aliyekamatwa usiku pengine hakuona tofauti kubwa.

Sasa kamba. Neno ni "dally". Limetoka kwenye dale vuelta, "ipe mzunguko". Wakaanza na "dally welter", kisha wakakata. Na tazama walichokata: wamebaki na "ipe", mzunguko wenyewe umetupwa!

Kazi inakwenda hivi. Umeshamnasa ng'ombe kwa kitanzi, na ncha ya pili ya kamba iko mkononi mwako, haijafungwa popote. Unaizungusha kwenye pembe ya tandiko, ule mche ulio mbele ya mpanda farasi, ambao leo ni huu mpini wangu. Mara mbili au zaidi, kinyume cha mshale wa saa, kidole gumba kikielekea juu. Juu! Kikielekea chini kinabanwa kati ya kamba na pembe, na ng'ombe akifika mwisho wa kamba akiwa mbioni, kidole kinakwenda. Ndiyo maana mzoefu wa kazi hii kukosa kidole gumba halikuwa jambo la kushangaza.

Mtauliza, kwa nini asipige fundo tu, yaishe? Kwa sababu ya kamba yenyewe. Vaquero alitumia reata, ngozi mbichi iliyosukwa, ndefu: futi 60 na zaidi, yaani kama mita 18. (La reata ndiyo iliyozaa "lariat".) Ngozi ile ikivutwa kwa mshtuko wa ghafla inakatika. Kwa hiyo anaiachia iteleze kidogo kidogo kwenye pembe, kama unavyokanyaga breki taratibu, mpaka mnyama apunguze mwendo. Texas walipendelea kamba fupi ya nyuzi za mimea, futi 30 hivi, imefungwa kabisa kwenye pembe. Vidole vikasalimika, lakini ukinasa fahali anayekuzidi nguvu huna namna ya kumwachia. Wewe na farasi wako ni wake. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa sahihi kwa kamba yake.

Kahawa nayo ina yake. Zamani walinunua buni mbichi, wakaikaanga kwenye kikaango juu ya moto, na punje chache zikiungua, kikaango chote kinakuwa kichungu. John Arbuckle wa Pittsburgh akauza kahawa iliyokwisha kukaangwa, katika mifuko ya karatasi ya ratili moja, punje zimepakwa mchanganyiko wa mayai na sukari ili harufu isitoke. Hataza ya mbinu hiyo ni ya 1868. Ikaenea hadi kahawa yoyote ikaitwa "Arbuckle's", kama Omo kwetu, hata sabuni ikiwa ya kampuni nyingine. Ndani ya mfuko kulikuwa na kijiti cha pipi ya mnanaa. Mpishi akiuliza nani anaitaka, anayejibu ndiye atakayesaga kahawa.

Kwenye mfuko kulikuwa pia na kuponi. Unazikusanya, unazituma kwa posta, unaletewa wembe, mkasi, leso. Hapo ndipo penye tusi ninalolipenda kuliko yote: kijana mpya asiyejua kazi aliitwa "arbuckle", kana kwamba tajiri hakumwajiri, alimwagiza kwa kuponi za kahawa.

La mwisho, "to see the elephant", kumwona tembo. Msitafute mbuga hapo. Waliofunga safari ya kwenda kutafuta dhahabu California mwaka 1849 walilitumia kwa mtu aliyeonja shida yote: kipindupindu, ng'ombe wa kukokota kufia njiani, jangwa. Waliogeuka nyuma mapema walisema wameona mkia tu.