Ndege ya ziwani haiokotwi kama embe

Jamani, kila nikifungua komenti nakuta swali lile lile: "Ndege za vita zimelala Ziwa Michigan miaka 80, si uopoe moja uuze?" Haya, najibu leo. Atakayesema naringa na Marekani, au nalia njaa, sawa.

Ndege ya Jeshi la Majini la Marekani ikizama inabaki mali ya jeshi. Hata kama ilifutwa daftarini mwaka 1943, mwenyewe ni yule yule, na sheria ya 2004 ya vyombo vya kijeshi vilivyozama ikakazia. Unalipia boti, wazamiaji, winchi na lori, halafu hati ya umiliki hupewi kwa sababu tu umelipa. Wanaokasirika siwalaumu.

Ndiyo maana namheshimu Kapteni Robert Rasmussen. Alikuwa rubani wa majini, akaruka na Blue Angels, kikosi cha maonyesho ya angani cha jeshi hilo, kisha kuanzia 1987 akaongoza makumbusho ya ndege ya jeshi hilo huko Pensacola, Florida. Katika kipindi chake, mwaka 1994, ilitolewa ziwani Dauntless namba 2106, ndege ya kudondosha mabomu. Hiyo ilipigana na Wajapani kwenye vita vya Midway, Pasifiki, 1942 ikarudi na matundu zaidi ya 200, ikapelekwa Chicago, kando ya Ziwa Michigan, kufundishia marubani kutua melini, ikazama humo Juni 1943.

Maji ya kule ni ya baridi na hayana chumvi, kwa hiyo bati linadumu. Lakini kitambaa kinachofunika sehemu za nje za kuongozea ndege huoza, magnesiamu huliwa, na pale chuma kinapogusana na alumini, alumini inageuka unga mweupe. Ndege ikitoka majini, ioshwe tope kabla halijakauka.

Kazi hasa ni riveti, yaani vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati ya ndege. Mwenye karakana na muda ataamua mwenyewe, mimi simshauri mtu. Riveti ya inchi 1/8 unaitoboa kichwani kwa biti ya drili namba 30, unaishia hapo hapo kichwani, kisha unaligonga shina litoke. Mkono ukipinda, tundu linakuwa yai, inabidi utumie riveti kubwa zaidi, ya inchi 5/32. Na kutoka katikati ya tundu hadi ukingo pakiwa chini ya vipenyo viwili vya riveti, bati litapasuka, badilisha. Riveti mpya ichomoze upande wa pili wa bati kipenyo chake kimoja na nusu. Ikishagongwa, kichwa kipya cha upande huo kiwe na upana huo huo na kimo cha nusu kipenyo. Fupi haishiki, ndefu inalala upande, unaing'oa unaanza upya. Na bawa moja lina maelfu.