Songo Mnara: Mji wa Mawe Nyuma ya Mikoko

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo tuko kusini, mkoa wa Lindi, wilaya ya Kilwa. Kaka Hamisi, mtu akisema "nimefika Kilwa", mara nyingi ana maana ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani: kaona Msikiti Mkuu, kaona jumba la Husuni Kubwa na ngome ya Gereza, kapanda boti karudi Kilwa Masoko, mji wa bara.

HAMISI: Na mimi humwambia safari yako bado, dada. Kisiwani unaona enzi ya masultani. Ukitaka kujua watu walikaaje majumbani mwao, nenda Songo Mnara. Ni kisiwa kingine, kusini zaidi. UNESCO iliviweka vyote viwili kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, kwa jina moja, lakini wageni wengi wanaishia kwenye kile cha kwanza.

ZUHURA: Mji wenyewe ni wa lini?

HAMISI: Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Yaani Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita Kilwa mwaka 1331, majumba haya hayakuwepo. Na Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, mji ulikuwa unakaribia mwisho wake. Umri wake mfupi ndio faida yetu. Hakuna mji mwingine wa mawe uliojengwa juu yake, kwa hiyo ramani ya mitaa unaisoma kwa miguu. Ukuta unauzunguka, ndani kuna misikiti mitano, jumba kubwa la kifahari, na nyumba za mawe zaidi ya 30.

ZUHURA: Tuingie nyumba moja. Nini kinakupokea?

HAMISI: Mlango. Kizingiti na miimo yake ni matumbawe laini yaliyochongwa yakiwa bado mabichi, yametoka baharini karibuni. Yakikauka yanakuwa magumu. Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa kwenye tanuu la magogo. Ukipita mlango unashuka uani. Ua umezama kidogo, una vipandio ambavyo watu walikalia. Hapo ndipo mgeni alipokelewa. Chumba cha ndani kabisa ni cha wenyewe, na choo kiko hukohuko ndani.

ZUHURA: Mimi kilichonishangaza ni wembamba wa vyumba. Virefu, lakini vyembamba.

HAMISI: Boriti, dada! Paa lilikuwa zito, la mawe na chokaa, na lilibebwa na miti ya mikoko. Mkoko unaofaa kwa boriti hauvuki upana wa mita mbili na nusu, tatu hivi. Ndiyo maana chumba cha tajiri wa Songo Mnara kina upana ule ule wa nyumba za zamani za Lamu. Mti ndio uliompimia fundi.

ZUHURA: Je, wote waliokaa mle walikuwa matajiri?

HAMISI: Hapana, na hili nataka watu walishike. Ukiingia utaona sehemu tupu upande mmoja wa mji, udhani ni uwanja tu. Wanaakiolojia walipochimba walikuta mabaki ya nyumba za udongo, ndani ya ukuta ule ule. Tunaziona nyumba za mawe tu kwa sababu mawe yamebaki.

ZUHURA: Na makaburi yako katikati kabisa.

HAMISI: Katikati, yametazamana na milango ya nyumba. Juu ya baadhi yake zilikutwa sarafu za shaba na vijiwe vyeupe. Watu walikuwa wakizuru wafu wao na kuacha kitu. Mimi hapo husimama, nasoma Fatiha, ndipo naendelea.

ZUHURA: Kwa anayetaka kwenda?

HAMISI: Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300 kwa barabara. Kibali cha kutembelea magofu kinachukuliwa Masoko, hapohapo utapata mwongozaji. Usipande juu ya kuta, tafadhali sana. Magofu haya yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Jiwe moja ukiling'oa kwa kiatu, hakuna wa kulirudisha lilivyokuwa.

ZUHURA: Na bahari?

HAMISI: Muulize nahodha saa za maji kabla hujalipa. Maji yakijaa boti inasogea karibu na mikoko. Yakitoka, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, utatembea kwenye tope mpaka magotini, umebeba viatu mkononi. Chukua maji ya kunywa na chakula chako toka Masoko, na toka alfajiri kama unataka kuviona visiwa vyote viwili siku moja.