Ukipata Ajali ya Gari Zambia: Kutoka Barabarani Hadi Forodhani

Ndugu watazamaji, gari mnaloliona nyuma yangu ni zima. Nimeliegesha makusudi kando ya barabara kuu ya T2, upande wa Mpika nchini Zambia, ili niwaoneshe kwa vitendo la kufanya iwapo umegonga au umegongwa ukiwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Lusaka. Ninauza mkoba wa dharura wa safari, nao nitautumia leo, lakini hata asiyeununua atapata faida, kwa sababu sehemu kubwa ya somo hili inahusu karatasi.

Zima injini, washa taa za hazadi, vuta breki ya mkono, hayo mnayajua. Vaa kizibao cha kung'aa ukiwa bado ndani ya gari, kisha tazama kioo kabla ya kufungua mlango, kwani njia hii ndiyo ya malori yanayopeleka shaba bandari ya Dar es Salaam. Mimi hukitundika kizibao nyuma ya kiti cha dereva, kwa kuwa buti likishagongwa huenda lisifunguke.

Sasa tuweke vibao vya pembetatu. Zambia inataka gari liwe navyo viwili, kwa hiyo kimoja kikae nyuma na kingine mbele, mbali na gari, na kama kuna kona au mlima, kitangulie kabla ya kona yenyewe. Fungua miguu namna hii, halafu... Samahani, mmejionea wenyewe: semi limepita na upepo wake umekilaza kibao. Ngoja nikisimamishe upya. Kandamiza miguu kwa jiwe dogo, na ukiondoka ondoa jiwe hilo, pamoja na matawi ambayo madereva wa huku hutandaza barabarani kuonya wenzao. Tawi likiachwa hapo usiku, mwendesha baiskeli ataliparamia.

Majeruhi asisogezwe isipokuwa pana moto, petroli inavuja au magari yanaweza kumgonga tena. Panapotoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Polisi wa Zambia hupatikana kwa namba 999 na gari la wagonjwa kwa 991, ila huku porini hospitali inaweza kuwa mbali sana, na mara nyingi msaada wa kwanza hutoka kwa msafiri anayepita. Ndiyo maana ninapendekeza ununue laini ya Zambia pale Nakonde, mara tu unapovuka kutoka Tunduma, badala ya kutegemea laini ya nyumbani.

Wakati mnasubiri trafiki, piga picha kabla magari hayajasogezwa: alama za breki kwenye lami, vioo vilivyomwagika, mahali magari yaliposimama, bango la njia, namba za magari yote, na tela pia, kwa sababu tela huwa na namba yake tofauti na ile ya kichwa. Usikubali kosa, usitie saini makubaliano ya pembeni, na usimpe mtu fedha taslimu ili "yaishe". Watu wakianza kuhamaki, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukaripoti huko.

Hapa kituoni ndipo ninapoomba msikilize kwa makini zaidi. Ripoti ya polisi iwe na namba ya gari, jina la kampuni ya bima, na namba ya Kadi ya Njano ya COMESA, yaani kadi ya bima ya gari linalovuka mipaka katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilizo kwenye mpango huo. Soma namba ya gari herufi kwa herufi, ukilinganisha na kadi ya gari iliyo mkononi mwako, kabla hujatia saini. Narudia: kabla hujatia saini. Afisa aliyezoea namba za Zambia anaweza kugeuza herufi moja bila nia mbaya, na kampuni ya bima ikaiona ripoti hiyo kuwa ni ya gari la mtu mwingine. Kurudi Mpika kutoka Dar kurekebisha herufi moja, sitaki hata kupiga hesabu ya mafuta. Malipo yoyote ya kituoni yaambatane na risiti.

Kuhusu Kadi ya Njano, wengi wanadhani inalipa kila kitu. Inalipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine, kwa kufuata sheria za nchi ilipotokea ajali, pamoja na matibabu ya dereva na abiria wako. Bodi ya gari lako haimo. Hilo ni suala la bima kubwa, na tena ni lazima kabla ya safari uombe kwa maandishi ifanye kazi nje ya nchi. Kadi haifiki Afrika Kusini wala Botswana, ambako mifuko ya ajali huchangiwa na tozo ya mafuta. Tarehe zake zikague sasa. Kisha zikague tena Tunduma.

Mwisho ni forodha. Gari lako liliingia Zambia kwa kibali cha muda, kwa hiyo serikali inalitegemea litoke. Ikiwa gereji itachelewa, omba kuongezewa muda kabla kibali hakijaisha, ukiambatisha ripoti ya polisi na barua ya fundi. Ikiwa gari limekufa kabisa, usiliuze kama chuma chakavu wala kuliacha kwa fundi na kupanda basi, kwa sababu unaweza kudaiwa ushuru kana kwamba uliliingiza nchini moja kwa moja. Peleka taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kwenye mkoba wangu nimeweka bahasha ya plastiki kwa ajili ya nakala hizo, na hiyo, kwa maoni yangu, inazidi tochi kwa manufaa.