Dhambi ilianzia wapi, na neema inaanzia wapi?

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Naingia moja kwa moja kwenye swali ambalo kila mwalimu wa katekisimu ameulizwa: ikiwa Mungu aliumba vyote, na vyote alivyoviumba ni vyema, dhambi ilitoka wapi? Mtoto huuliza kwa udadisi. Mtu mzima aliyedhulumiwa huuliza kwa uchungu, na huyo hastahili kujibiwa juujuu.

Wamanikeo, wafuasi wa dini ya kale ya mtu aliyeitwa Mani, walijibu kwamba tangu milele kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza. Augustino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkuu wa Kanisa, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliwafuata kwa miaka kama tisa. Naelewa kilichomvuta: ukishatenda uovu unasema si mimi, ni giza lililomo ndani yangu. Wengine humtwika Mungu lawama, na hao Yakobo aliwajibu mapema: “Mtu ajaribiwapo, asiseme, Ninajaribiwa na Mungu.”

Augustino alipowaacha Wamanikeo alishikilia kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, ni wema uliopungua, kama vile upofu si kitu kilichoongezwa jichoni bali ni kuona kulikopotea. Someni tena Mwanzo sura ya 3. Mti ule wafaa kwa chakula, wapendeza macho. Ubaya haukuwa katika tunda. Ulikuwa katika nia ya mtu kumgeuzia Mungu kisogo. Na ukiuliza nini kiliilazimisha nia igeuke, hutapata kitu. Naomba tusikitafute kwa nguvu, kwa sababu dhambi ikishapatiwa sababu kamili, imeshapatiwa na udhuru.

Katika kitabu chake kiitwacho Maungamo, Augustino anasimulia wizi alioufanya akiwa na umri wa miaka 16. Yeye na wenzake walikwenda usiku wakautikisa mti wa matunda uliokuwa karibu na shamba la mizabibu la kwao. Matunda hayakuwa na sura wala ladha ya kuvutia, na nyumbani alikuwa na mazuri zaidi. Wakabeba mzigo mkubwa, wakaonja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Anajihoji ukurasa baada ya ukurasa: nilipenda nini pale? Anakiri kwamba alipenda kosa lenyewe, na kwamba peke yake asingelifanya. Wengi huona ametia chumvi kwa jambo dogo. Mimi naona alichagua vizuri. Angesimulia wizi wa mwenye njaa, tungeihurumia njaa na dhambi tusingeiona.

Sasa Pelagius, mwalimu wa Kikristo wa wakati wa Augustino. Huyu alitoka Britania akafundisha Roma, na tumtendee haki: hakuwa mlegevu, aliumizwa na Wakristo waliosingizia udhaifu ili waendelee kuishi ovyo. Aliposikia sala ya Augustino, “Toa unachoamuru, kisha amuru utakalo,” alikasirika. Kwake, Mungu akiamuru, mtu anaweza. Adamu alituachia mfano mbaya tu. Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho hayo, na nadhani kila anayepigana na tabia yake anajua kwa nini. Paulo anasema, “Lile jema nilipendalo, silitendi.” Mtu wa namna hiyo sheria anaijua, na mifano mizuri ameiona. Kinachomshinda ni kupenda.

Hata hivyo, Augustino simfuati kila mahali. Aliposema kwamba watoto wachanga huzaliwa na hatia ya Adamu, hata wafao bila ubatizo wanahukumiwa, Ezekieli 18 inanizuia: “Mwana hatauchukua uovu wa baba yake.” Waorthodoksi husema tumerithi kifo na uharibifu, si hatia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inasema dhambi ya asili ni hali tuliyoipokea, si tendo tulilolitenda. Hapo nasimama kwa amani.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kugawa wokovu kwa mafungu: hili la Mungu, hili langu. Tukifika hapo, kila tukimwongezea Mungu tunampunguzia mtu. Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, na msomi Mkatoliki Erasmus waligongana juu ya hiari ya mtu mwaka 1524 na 1525. Baadaye Wadominiko na Wajesuiti, mashirika mawili ya watawa Wakatoliki, walibishana juu ya neema na hiari mbele ya Papa miaka mingi, hadi Papa Paulo V mwaka 1607 alipofunga shauri bila kumpa yeyote ushindi. Lakini Paulo Mtume, akiwaandikia Wafilipi, hagawi: “Utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu.” Tazameni hilo “kwa maana”. Kazi ya Mungu ndiyo sababu ya wewe kufanya kazi. Kutaka ni kwako kweli, na ni yeye aliyekupa. Muumba hasukumani na kiumbe wake kugombea nafasi ndani ya moyo mmoja.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: kama hata kutaka ni neema, asiyetaka afanyeje? Swali zito, nalo ni la watu wengi waliomo humu. Nasema aombe akiwa hivyo hivyo, asingoje kwanza kutaka. Augustino kijana aliomba, “Nipe usafi na kiasi, lakini si sasa.” Ni sala mbovu, nusu yake inaikana nusu nyingine. Mungu aliipokea. Mwaka 386, kwenye bustani huko Milan, Augustino alifungua nyaraka za Paulo akasoma Warumi 13, “mvaeni Bwana Yesu Kristo,” na Pasaka ya mwaka uliofuata Askofu Ambrosio akambatiza.