Neva ya Vagasi na Vidonda vya Tumbo: Kisu Kilivyoachia Vidonge

Ndugu wanafunzi, na walimu wangu mliofika, asanteni kwa kunipa nafasi.

Naomba tuanze na kidole. Daktari wa upasuaji ameshafungua tumbo, amelisogeza ini pembeni, amefika pale umio, njia ya chakula kutoka kooni, unapopenya kiwambo kati ya kifua na tumbo. Anazungusha kidole nyuma ya umio, anauvuta mfuko wa tumbo chini kidogo, na anagusa uzi uliokaza kama waya wa gitaa. Hiyo ndiyo vagasi, neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Ina shina la mbele na shina la nyuma, na kwa takriban miaka arobaini kuyakata mashina hayo kulikuwa miongoni mwa tiba kuu za vidonda vilivyokataa kupona.

Kwa nini neva, ilhali kidonda kiko kwenye utumbo? Jibu lilitoka kwa mbwa wa mwanasayansi Pavlov, huko Urusi. Umio wa mbwa ulitobolewa shingoni, akila chakula kinadondoka nje. Hata punje haifiki tumboni, lakini tindikali inamiminika! Neva ikikatwa, inakoma. Kumbe amri hutoka kichwani. Na kama tindikali ndiyo inayokula ukuta wa utumbo, basi akatwe mleta amri.

Mpasuaji Latarjet wa Lyon, Ufaransa, alijaribu, akatoa taarifa mwaka 1922, ila aliyeieneza kazi hii ni mpasuaji Lester Dragstedt wa Chicago, Marekani, kuanzia 1943. Vidonda vilipona. Lakini vagasi haibebi amri ya tindikali peke yake. Ndiyo pia inayousukuma mfuko wa tumbo ujimwage. Wagonjwa wakabaki na chakula kimetuama ndani, wakitapika mlo wa jana. Ikabidi mlango wa kutokea utanuliwe, au utumbo uunganishwe upya. Hapo chakula kikaanza kuporomoka kwa kasi: jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuharisha baada ya kula. Mtu amepona kidonda, lakini anaogopa sahani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wapasuaji wa Leeds na Copenhagen wakaja na njia ninayoistahi mno. Waliacha mashina, wakakata tu vijitawi vinavyokwenda kwenye sehemu inayotoa tindikali, kimoja kimoja, wakakibakiza kile kifungu cha mwisho kinachotandaza vidole kama mguu wa kunguru, kinachoendesha mlango wa chini wa mfuko wa tumbo. Ni kazi ya subira kubwa. Kuna kitawi kinachojificha nyuma ya umio ambacho wapasuaji wenyewe walikiita neva mhalifu ya Grassi. Ukikisahau, kidonda kinarudi. Hata kwenye mikono mizuri, vidonda vilirudi kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi.

Na hapo ndipo panapoumiza moyo wa mpasuaji: upasuaji huu ulipokamilika, haja yake ikaanza kwisha. Mwaka 1976 dawa ya simetidini ikaingia sokoni Uingereza, ikiziba njia ya histamini, kemikali ya mwili inayochochea tindikali, kwenye seli za tindikali. Baadaye dawa nyingine, omeprazoli, ikaizima pampu yenyewe inayotoa tindikali. Na Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakaonyesha kwamba bakteria, Helicobacter pylori, ndiye chanzo cha vidonda vingi. Sahani za maabara zilizosahaulika katika sikukuu ya Pasaka ya 1982 ndizo zilizompa bakteria huyo muda wa kuota. Mwaka 1984 Marshall akamnywa bakteria huyo, na tumbo lake likavimba kwa ndani. Tuzo ya Nobel ikaja 2005.

Kwa hiyo leo kidonda kikitoboka, tunaziba tundu kwa kipande cha utando wa mafuta, tunasafisha tumbo, kisha tunamtibu bakteria na kuuliza habari za dawa za maumivu, maana baadhi yake nazo huleta vidonda. Kikivuja damu, tunaanza na endoskopia, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Neva tunaigusa kwa nadra sana, pale kidonda kinaporudi na dawa zote zimeshindwa.

Lakini waliokatwa neva enzi zile wapo. Atakuja mzee mwenye kovu refu kutoka chini ya kidari hadi kitovuni, anaharisha kila akila, hana damu ya kutosha. Msikimbilie kumwandikia dawa ya amiba. Mkalisheni, mguseni lile kovu, mmwulize: mzee, walikukata nini, na mwaka gani?