Ladha za Utotoni: Ni Chakula Kilichobadilika, au Ni Sisi?

Waheshimiwa wasikilizaji, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Mada niliyopewa leo ni hamu tunayokuwa nayo, kadiri umri unavyosonga, ya vyakula na vinywaji tulivyovizoea tukiwa wadogo. Wengi huichukulia hamu hii kuwa ni porojo za watu wazima, jambo la kuchekewa kidogo na kuachwa lipite. Mimi siichukulii hivyo. Mtu anaposema kwamba kitu fulani hakina tena ladha kiliyokuwa nayo zamani, anatoa ushahidi, na ushahidi hupimwa kwanza ndipo ukubaliwe au ukataliwe.

Naanza na kisa changu, kwa kuwa ndicho kilichoniingiza katika mada hii. Nyumbani kwetu maziwa yalichemshwa kila asubuhi katika sufuria moja nyepesi, iliyobonyea upande mmoja. Mama alikuwa na kazi tatu nne kwa wakati mmoja, na mara nyingi alipogeuka kuyatazama, maziwa yalikuwa yamekwisha kushika chini. Yalitoka na harufu ya mbali ya moshi, na juu yake utando mzito ambao mimi na ndugu zangu tuliugombania kwa vijiko. Nilipoanza kujitegemea nilinunua sufuria yenye kitako kinene, nikachemsha maziwa kwa moto mdogo, nikayakoroga bila kuyaacha hata dakika moja. Yalitoka safi kabisa. Nikayanywa, nikayaona yamepooza, kana kwamba kuna kitu kilichosahauliwa. Nilibadilisha aina ya maziwa, nikabadilisha sukari, nikabadilisha hata kikombe. Sikufikiria hata siku moja kubadilisha sufuria.

Lugha yetu inalijua jambo hili vizuri. Mtu aliyerudi safari humwambia ndugu yake, "Nilikukumbuka sana," na hapo hamaanishi kwamba jina la ndugu huyo lilimjia akilini, bali kwamba alimtamani. Kitenzi kimoja kinabeba kumbukumbu na hamu pamoja, na nadhani waliotuachia lugha hii waliona sawasawa. Wataalamu wa tiba wa Ulaya walilifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1688, Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu ya udaktari mjini Basel, Uswisi, akaunda neno nostalgia kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na jingine la maumivu. Kwake ulikuwa ugonjwa hasa. Alisimulia habari za mwanafunzi kutoka Bern aliyedhoofika vibaya akiwa Basel, lakini akaanza kupata nafuu mara tu alipowekwa njiani kurudishwa kwao. Leo hakuna daktari anayeiita hamu hiyo ugonjwa, lakini kwamba inagusa mwili, na si fikra peke yake, Hofer hakukosea.

Sasa naomba kila mmoja achukue ile pipi aliyopewa mlangoni. Ziba pua kwa vidole viwili, ukaze, kisha itie pipi mdomoni na uimung'unye polepole. Utamu mnauhisi, na uchachu kidogo mnauhisi, lakini nikiwauliza ni pipi ya tunda gani, hakuna atakayeweza kujibu. Sasa achieni pua. Naona nyuso zinabadilika. Kilichotokea ni kwamba ulimi peke yake hutambua mambo machache mno: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ladha ya tano ambayo mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliibainisha mwaka 1908 na kuiita umami. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka kinywani, ikapita nyuma ya kaakaa na kuingia puani kwa mlango wa ndani. Mwaka 1991, Linda Buck na Richard Axel walichapisha ugunduzi wa familia kubwa ya jeni zinazounda vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na kila harufu huamsha mchanganyiko wake, mithili ya vidole vinavyobonyeza vitufe kadhaa vya kinanda kwa pamoja.

Njia ambayo harufu huipita kuingia ubongoni ni tofauti na njia ya milango mingine ya fahamu. Kinachoonekana na kinachosikika hupitishwa kwanza katika kituo kiitwacho thalamasi, kabla ya kusambazwa kwingine. Harufu haingoji huko. Inatoka puani na kufika karibu moja kwa moja kwenye amigdala, inayohusika na hisia za moyoni, na jirani kabisa na hipokampasi, inayohifadhi kumbukumbu. Ndiyo maana unaweza kupita karibu na jiko la mtu usiyemjua, machozi yakakulenga kabla hujatambua ni nini kimekugusa. Watafiti waliowapa watu maneno au picha ili wakumbuke maisha yao waliona kumbukumbu nyingi zikitoka katika miaka ya ujana. Walipowapa harufu, kumbukumbu zilirudi nyuma zaidi, hadi kabla ya umri wa miaka 10. Neno huturudisha shuleni, harufu huturudisha jikoni.

Na huenda kuna kurudi nyuma kuliko hapo. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake walichapisha utafiti ambamo baadhi ya kina mama walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na wengine wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, na kupewa uji wa nafaka uliochanganywa na juisi hiyo hiyo, walikunja nyuso mara chache kuliko watoto ambao mama zao hawakuinywa. Walikuwa wameshaionja. Utafiti mwingine, uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1999, ulitumia jambo lililotokea bila kupangwa: kwa muda fulani huko nyuma, maziwa ya unga ya watoto nchini humo yalitiwa vanila. Watu wazima walionjeshwa sosi ya nyanya ya aina mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyotiwa vanila kidogo. Wengi walionyonyeshwa na mama zao walichagua ile ya kawaida; wengi waliolelewa kwa chupa walichagua yenye vanila, na hiyo ilikuwa miaka mingi baada ya chupa kuwekwa kando. Wahenga walisema titi la mama li tamu hata likiwa la mbwa. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa lugha na asili, lakini naona inasema kweli hata ikichukuliwa neno kwa neno.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: basi yote yamo kichwani, na vyakula ni vile vile. Hapo ndipo ninapotaka kuwatetea wanaolalamika, kwa sababu mara nyingi chakula kimebadilika kweli.

Chukueni ndizi. Hadi miaka ya 1950, ndizi iliyouzwa katika biashara ya kimataifa ilikuwa ya aina iitwayo Gros Michel. Migomba ya biashara haizaliwi kwa mbegu; hupandwa kwa machipukizi, kwa hiyo shamba zima, hata nchi nzima, huwa na mgomba ule ule mmoja uliojirudia. Kuvu anayekaa ardhini alisababisha ugonjwa uliopewa jina la Panama, akashambulia mizizi, na kwa kuwa migomba yote ilikuwa pacha, hakuna uliokuwa na kinga. Kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara walikuwa wamehamia aina nyingine, Cavendish, iliyostahimili ugonjwa huo lakini isiyo na harufu na ladha ile ile. Mzee wa Ulaya au Marekani aliyesema kwamba ndizi za utoto wake zilikuwa tofauti alikuwa anasema jambo ambalo lingeweza kuthibitishwa na mtaalamu yeyote wa kilimo, lakini nahisi wajukuu zake walimsikiliza kwa kumvumilia tu. Sasa aina mpya ya kuvu huyo imeanza kuiua Cavendish nayo, na huenda watoto wa leo watakuja kusema maneno yale yale kuhusu ndizi wanazokula sasa.

Nyanya nayo ina hadithi yake, na hii inaniuma zaidi kwa sababu haikuletwa na ugonjwa. Kwa miongo mingi wakulima wa biashara walichagua mimea ambayo matunda yake huwa na kijani hafifu kilicho sawa pande zote, ili yaive kwa pamoja na kupendeza machoni. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba sifa hiyo inatokana na kuharibika kwa jeni moja, ambayo inapokuwa nzima huliongezea tunda uwezo wa kutengeneza sukari. Tulichagua rangi, utamu ukaondoka nayo bila sisi kujua. Ongezeni hapo kuchumwa kabla ya kuiva ili tunda livumilie safari, na kuwekwa kwenye jokofu, ambamo baridi hufifisha harufu ya nyanya. Ukiwa na nyanya nzuri nyumbani, iache nje.

Kwa upande wa vinywaji nitataja kisa kimoja, kwa kuwa kinatufunza jambo tofauti. Mnamo Aprili 1985 kampuni ya Coca-Cola ilibadilisha mchanganyiko wa kinywaji chake nchini Marekani, baada ya kuonjesha watu wapatao 200,000 na kuona kwamba wengi waliupenda mchanganyiko mpya zaidi. Siku 79 baadaye, kutokana na malalamiko ya wateja, ikatangaza kuurudisha ule wa zamani. Walioonja walisema kweli, na waliolalamika walisema kweli. Kikombe kidogo cha majaribio kilipima utamu wa dakika moja, lakini hakikuwauliza watu wamekunywa nini tangu wakiwa watoto, na pamoja na nani.

Lakini haki inataka niseme na upande wa pili: kinywa chetu nacho kimebadilika. Mtoto hupenda utamu mkali kuliko mtu mzima, na upendeleo huo hupungua anapoukaribia utu uzima, kwa hiyo kile kilichokuwa raha kuu ukiwa na miaka saba kinaweza kukukinai ukiwa na arobaini, ingawa hakijapunguzwa wala kuongezwa kitu. Baadaye sana, hasa baada ya miaka 60, uwezo wa kunusa hupungua kwa watu wengi, na pole pole mno kiasi kwamba mwenyewe hatambui. Huona tu kwamba wapishi wa siku hizi hawajui kupika. Nawaomba mliokaa na wazee msiyajibu malalamiko hayo kwa ukali. Mzee anayesukuma sahani pembeni huenda hadeki, huenda hanusi. Mwaka 2020 na baada yake, watu wengi waliougua Uviko-19 walipoteza kunusa kwa muda, wakaonja kidogo dunia ambayo wazee wengi wanaishi ndani yake.

Kuna ushahidi mwingine ambao kila nikiusoma hunyamaza. Katika kambi ya Terezín, ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadhi ya wanawake waliokuwa wakifa kwa njaa waliandika namna ya kupika vyakula vya makwao, kwenye vipande vya karatasi. Hawakuwa na unga wala mafuta. Waliandika vipimo vya siagi na mayai ambavyo wasingeviona tena, wakakabidhiana. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo angeweza kuota mkate wowote, lakini wao waliandika keki ile waliyoijua, kwa vipimo vile walivyovijua.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo na ni la vitendo. Kama aliyekupikia utotoni yu hai, nenda ukasimame naye jikoni, na usimwulize vipimo, kwa sababu atakuambia "kiasi" na "ukiona inatosha". Mtazame. Andika anachokifanya, si anachokisema. Andika chombo anachotumia, moto ukoje, ni lini anageuka kufanya jambo jingine, kwa sababu huenda ladha unayoitafuta imo mle alimogeukia.

Mimi nilichelewa kuuliza, lakini sikuchelewa kabisa. Nilimweleza mama habari ya maziwa yangu yaliyopooza, akanitazama kwa mshangao. Aliniambia kwamba miaka yote ile alikuwa akiona haya kwa harufu ya kuungua, lakini hayakuwapo mengine ya kutupatia, kwa hiyo alizidisha sukari na kuongeza punje chache za chumvi ili tusitambue. Nilirudi na sufuria nyepesi. Nikaweka maziwa motoni, nikayapa mgongo kwa makusudi, nikatia sukari zaidi ya ninavyopenda siku hizi na chumvi kidogo, nikampelekea kikombe. Aliyanusa kabla ya kuyaonja.

"Umeyaunguza, mwanangu," akasema. Kisha akayanywa yote.